Mama Usiguse, Profesa Aliyekalia Mikono Yake

Ndugu, jamaa, majirani, wanachuo wa zamani na wa sasa, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, poleni na msiba, poleni na safari, na poleni na jua. Aliyepangwa kusoma historia hii ni mtoto wa kiume wa marehemu, ambaye jana alijaribu kuisoma peke yake chumbani akakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo karatasi zimemwangukia mjomba wake, yaani mdogo wake marehemu, fundi wa majokofu, mtu asiye na mazoea ya maikrofoni, na ambaye familia imemwonya asome kilichoandikwa, asiongeze chake, na asiwakwaze wageni waliotoka chuoni. Ameahidi kujitahidi. Jambo moja tu alitangulize, ili kila mtu ajue tunakoelekea, kwamba yupo hapa mwanafunzi wa mwisho wa marehemu, ambaye Alhamisi ijayo anatetea tasnifu yake, na kwamba marehemu aliugua na kufa akipigania neno moja, kazi ya yule mtoto isiguswe na mkono wa mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya posta, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta, aliyetutangulia mwaka 1998, na wa mama mshonaji, ambaye tunaye hapa mbele, amekaa wima kuliko sisi sote. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kichwa kigumu, asiyetaka kubebwa, na mama anasimulia kwamba alipoanza kufundishwa kushona aliugeuza mkono wa gauni ndani nje, akaomba arekebishiwe, mama akamrudishia gauni lake pamoja na wembe wa kufumulia na kuendelea na kazi za wateja, mtoto akalia, akafumua, akashona, akakosea tena, akafumua tena, mpaka ukakaa. Marehemu alilisimulia gauni hilo miaka yote, hata kwa watu ambao hawakumwuliza, na sisi wadogo zake tulifikia mahali pa kulichukia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969 katika shule ya msingi iliyopakana na soko, akamaliza mwaka 1975, akachaguliwa kuingia sekondari ya wasichana ya bweni, alikosoma kuanzia 1976 hadi 1981, na huko alifaulu hesabu kiasi kwamba mkuu wa shule alimwita baba ofisini kumwuliza ni nani anamfundisha nyumbani, swali ambalo baba, mtu wa stempu na mihuri, alilipokea kama tuhuma na kulikanusha palepale. Oktoba 1982 aliingia chuo kikuu kusomea hisabati, na mwaka uliofuata, chuo kilipoanzisha masomo ya kompyuta, akawa mmoja wa wasichana wachache waliojiandikisha.

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa yote yaliyofuata yalianzia katika chumba kile. Kilikuwa chumba chenye mashine sita, feni moja na zulia lililonuka vumbi, wavulana walikaa kwenye viti, wasichana walisimama nyuma yao wakiwasomea namba kutoka kwenye karatasi, na ikitokea msichana amebahatika kupata kiti, akisita kidogo tu kutafuta herufi, mkono wa mwenzake ulipita juu ya bega lake, lete nikusaidie, na punde si punde kazi imekwisha na yeye amesema asante. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomkera dada yetu hadi mwisho wake, kwamba hapakuwa na wa kumlaumu, walikuwa vijana wazuri, wenye adabu, wenye haraka. Alihitimu Novemba 1985 kwa alama za juu, akapiga picha amevaa joho, baba akaitundika ukutani, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwa ameandika programu hata moja kwa vidole vyake kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Januari 1986 aliajiriwa na shirika moja la bima, ambako bosi wake alimkabidhi mashine, akamwonyesha choo kilipo, akafunga mlango akaenda zake. Wiki ya kwanza marehemu alilia chooni, wiki ya pili alilia palepale mezani, na baada ya hapo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwema wa kumpokonya kibodi, alianza kujifunza. Aliwahi kusema kwamba yule bosi, ambaye hakuwa na habari naye kabisa, ndiye mwalimu bora aliyempata baada ya mama, na kwamba lilikuwa jambo la aibu kwa chuo kikuu kizima.

Mwaka 1990 alikwenda ng'ambo kwa shahada ya uzamili, akarudi 1992 na kuajiriwa na idara ya kompyuta ya chuo kilekile kama mhadhiri msaidizi, akaondoka tena 1995 kwa shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1999 kwa utafiti wake kuhusu namna kompyuta nyingi zinavyoweza kuendelea na kazi pale mojawapo inapozimika ghafla. Alipanda kuwa mhadhiri mwandamizi mwaka 2003, profesa mshiriki mwaka 2008, na profesa kamili mwaka 2019, na hii miaka kumi na moja katikati, ambayo kwenye rasimu ya kwanza ilirukwa kwa heshima ya wageni, mdogo wake marehemu ameirudisha.

Kila kamati ya chuo ilitakiwa iwe na mwanamke, na idara ilikuwa na mwanamke mmoja, kwa hiyo profesa wa kompyuta alikaa kwenye kamati ya jinsia, kamati ya nidhamu, kamati ya kantini, kamati ya maegesho ya magari, na kamati iliyokutana muhula mzima kujadili mapazia ya ukumbi. Alipoomba kupandishwa cheo aliambiwa machapisho yake ni machache, alipoomba apunguziwe kamati ili aandike hayo machapisho aliambiwa hana moyo wa kujitolea, alipojitolea alipewa cheti cha shukrani, na mwaka uliofuata danadana ikaanza upya. Vyeti hivyo viko nyumbani, nyuma ya kabati la vyombo, vimekinga ukuta usiingize unyevu. Tangu mwaka 1992 aliandika kuomba choo cha wanawake kwenye ghorofa ya maabara, kwa sababu mwanafunzi wa kike alilazimika kushuka ghorofa tatu na kupanda tena huku kipindi kinaendelea, na choo hicho kilifunguliwa mwaka 2011, kwa utepe na mkasi, mgeni rasmi akiwa mwanamume. Marehemu aliombwa atoe neno la shukrani, akatoa, lilikuwa fupi.

Lakini tusimpake marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye alikuwa na yake. Kwenye kazi yoyote iliyofanywa na mwanafunzi alikataa jina lake litangulie, na kama hakuandika sehemu yoyote alikataa jina lake liwepo kabisa, hata pale mwanafunzi mwenyewe alipomwomba, hata pale ambapo desturi ya chuo inaruhusu, hata pale ambapo jina hilo moja lingemaliza ile danadana. Mume wake alimsihi, wenzake walimsihi, huyu anayesoma alimsihi akiwa chini ya sinki lake anatengeneza bomba, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba hakugusa, atasemaje aligusa.

Na hapo ndipo lilipotoka jina lake la utani. Mwaka 2001 alipewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika, ubavuni mwa jenereta, akakisafisha pamoja na wanafunzi wake, na kuanzia hapo kila Alhamisi mchana kilikuwa chumba cha utafiti kwa wasichana wa kuanzia mwaka wa pili, jambo ambalo wakubwa waliliona ni mchezo, kwa kuwa utafiti kwao ulikuwa wa watu wazima. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kila anayeingia aje na kosa lake la wiki hiyo, alieleze mbele ya wenzake, na asiye na kosa arudi alikotoka akatafute. La pili, hakuna kugusa kibodi ya mwenzako, iwe kwa huruma, iwe kwa haraka, iwe kwa sababu umeona nukta ilikosekana wapi na unawashwa vidole. Wavulana waliruhusiwa kuingia kwa masharti hayohayo, na wengi walitoka jasho kuyashika. Marehemu mwenyewe, kwa kuwa alijijua, alikuwa akivuta kiti kando ya mwanafunzi, anaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake, anavikalia, na kutazama. Mwanafunzi akikwama, alimwambia asome alichoandika, asisome anachodhani ameandika. Akikwama zaidi, alimwambia asome tena. Wanafunzi wakamwita Mama Usiguse, kwanza kwa siri, baadaye usoni, na hata kwenye tangazo la msiba huu wapo ambao hawakumtambua kwa jina lake mpaka walipoambiwa ni Mama Usiguse.

Kwenye kazi za vikundi aligundua kuwa wasichana wanapewa kuandika ripoti na kupamba jalada, wavulana wanaandika programu, akapiga marufuku, kazi zikawa zinapigiwa kura ya bahati, na kuna kijana mmoja, leo meneja mkubwa, aliyepamba majalada muhula mzima na kukiri kuwa ana kipaji. Alikuwa na godoro dogo chini ya meza kwa ajili ya watoto wa wanafunzi waliokosa mtu wa kuwaachia. Alifika kwa wazazi waliotaka binti zao waache shule waolewe, akakaa sebuleni kwao, akanywa chai yao, na hakuondoka mpaka amepata jibu la maana. Wanafunzi wake leo wanaongoza idara, wanafundisha, wana kampuni, na mmoja wao ndiye aliyetengeneza mfumo wa foleni wa hospitali alikolazwa, mfumo ambao marehemu aliulalamikia hadi wiki ya mwisho, akimtumia mwenyewe ujumbe kutoka kwenye benchi, kwamba namba yake imerukwa.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na mwalimu wa jiografia, shemeji yetu, mtu mpole, mwenye subira, na subira yenyewe aliihitaji. Alipotaka kujifunza kutumia kompyuta, mke wake alikaa pembeni amekalia mikono wakati mume anaitafuta herufi moja kwenye kibodi kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa, na barua yake ya kwanza, ya kuomba uhamisho, ilichukua muda mrefu hivi kwamba uhamisho wenyewe ulikuja kabla hajaimaliza. Alisema mbele yetu kwamba kuna jioni alitamani kuoa mtu mwenye huruma ya kawaida. Lakini leo anaandika kwa vidole vyote, na barua ya kuwashukuru ninyi nyote ameiandika yeye.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa Oktoba 1989, ambaye ni daktari wa meno, na mtoto wa kiume aliyezaliwa Mei 1994, ambaye ni mpishi, na wajukuu watatu. Watoto hawa walijifunza kufunga kamba za viatu wakiwa kwenye ngazi ya mlangoni, mama yao amekaa juu ya mikono, saa inakwenda, kengele ya shule imeshalia, baba anatembea huku na huku kwenye kibaraza anashindwa kuvumilia, na mtoto wa kiume anasema alikuwa mwanafunzi pekee aliyezoea kufika kipindi cha pili akiwa na kamba zilizofungwa kwa mkono wake mwenyewe. Nyanya yao, ambaye yote hayo yalitokana na wembe wake, alikuwa akija kuwafungia kwa siri.

Marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya mgongo Februari 2024, akayachukulia kuwa ni ya viti vya chuo, na kwa kweli viti vile vinaweza kulaumiwa kwa mengi, lakini Julai mwaka huohuo madaktari walikuta uvimbe kwenye kongosho. Alifanyiwa upasuaji Agosti, akarudi darasani Septemba kinyume na ushauri wa kila mtu, akalazwa tena Oktoba.

Wakati huo alikuwa amebakiwa na mwanafunzi mmoja wa uzamivu, tunayemwita Kitinda Mimba, mama wa mtoto mmoja, msichana mwenye sauti ndogo, aliyekuwa mwaka wake wa sita, akitafiti namna ya kuzuia kumbukumbu za wagonjwa zisipotee kwenye kompyuta za zahanati pale umeme unapokatika na kurudi. Programu yake ilikuwa inakataa kumaliza. Mkuu wa idara, aliyesikia hali ya marehemu, pamoja na wahadhiri wawili vijana, kwa nia njema kabisa, na hilo familia inalirudia, kwa nia njema kabisa, waliichukua ile programu mwisho wa wiki, wakakaa nayo, wakaitengeneza, ili profesa aone mwanafunzi wake amemaliza kabla hajafumba macho. Jumatatu wakaja wodini, wote watatu, na Kitinda Mimba nyuma yao, na matokeo yalikuwa safi, chati zimenyooka, mkuu wa idara amefurahi mpaka machozi yanamlenga.

Marehemu alitazama chati, akazisifu, kisha akamwomba Kitinda Mimba amweleze mstari mmoja wa ile programu, mstari wowote anaoupenda. Kitinda Mimba akatazama, akamtazama mkuu wa idara. Mkuu wa idara akafungua mdomo kujibu. Marehemu akafunga kompyuta, akairudisha kwa mwenyewe, akasema hiyo hataitilia sahihi.

Ndugu waombolezaji, hasira tuliyokuwa nayo siku ile hatuwezi kuificha hata mbele ya jeneza. Kitinda Mimba alilia kwenye korido mpaka muuguzi akamletea maji, wahadhiri vijana waliondoka wamenuna, shemeji yetu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alipandisha sauti, na mdogo wake marehemu alimwambia wazi, dada, wewe unaondoka, mwache mtoto wa watu amalize. Marehemu alitusikiliza wote mpaka tukaishiwa maneno, kisha akasema kwamba yeye naye alimalizwa hivyohivyo, na watu wema hivyohivyo, na kwamba alipewa joho akaenda kulia chooni, na ikiwa tunampenda Kitinda Mimba tumwache alie sasa, bado msimamizi wake yupo.

Basi Kitinda Mimba akairudia programu yake ya zamani, ile iliyokuwa inakwama, na kuanzia Novemba alikuwa akija wodini, au nyumbani marehemu alipopewa ruhusa, kila Alhamisi mchana, mtoto wake anacheza chini ya kitanda, kompyuta iko kwenye ile meza ya magurudumu ya kulia chakula. Marehemu alikalia mikono yake kitandani. Muuguzi wa zamu alikuja zaidi ya mara moja kuuliza kwa nini dripu haishuki, akafunua shuka, akakuta mkono wenye sindano umekaliwa, akamwambia profesa, tafadhali, utoe. Alikuwa anautoa, muuguzi akigeuka anaurudisha.

Mwezi Machi mwaka huu ile programu ilimaliza kwa mara ya kwanza. Na matokeo yake, tusidanganyane, hayakuwa mazuri kama yale ya wakubwa, yalikuwa ya polepole zaidi, chati yake ina nundu katikati, na kuna hali mbili za kukatika umeme ambazo bado haiziwezi. Lakini Kitinda Mimba alijua kila mstari umekaa pale kwa nini, aliijua ile nundu ilitokana na nini, na alipoulizwa kuhusu zile hali mbili alisema hajui, akaeleza hasa ni kitu gani hakijui. Marehemu alitia sahihi siku ileile, akaomba alazwe upande wa dirisha, akalala mchana wote.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Mei, akarudishwa hospitali, na Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, saa kumi alasiri, akiwa na mume wake na watoto wake wote wawili, Profesa, Mama Usiguse, dada yetu, alifariki dunia.

Rasimu iliyopitishwa na familia inaishia hapo na kuingia kwenye shukrani, ila kuna la juzi, na linaongezwa kwa ruhusa ya shemeji.

Juzi Alhamisi mchana mkuu wa idara alikuja nyumbani kutupa pole, akiwa na wahadhiri walewale wawili. Baada ya pole alisema kwamba utetezi wa Kitinda Mimba uko palepale, tarehe 22, lakini watahini wanatoka nje na ni wakali, na msimamizi hayupo tena wa kumkingia kifua, kwa hiyo idara imefikiria, kwa heshima ya marehemu, yarudishwe yale matokeo mazuri, ambayo bado wanayo, na yeye mwenyewe atakaa kama msimamizi na kumjibia maswali magumu. Alilisema kwa upole, macho yamemlowa, na hakuna aliyeweza kumchukia. Kitinda Mimba alikuwa palepale mlangoni, ameshika sinia la vikombe.

Mdogo wake marehemu alikuwa ameshafungua mdomo, na maneno aliyokuwa nayo hayakuwa ya kusomwa mbele ya watu. Binti wa marehemu naye alikuwa ameshavuta pumzi. Ndipo shemeji, aliyekaa mwisho wa kochi, bila kumtazama mtu, akaingiza viganja vyake chini ya mapaja yake, akavikalia. Binti akamwona, akafanya hivyohivyo. Mtoto wa kiume akafuata, kisha fundi wa majokofu na umri wake huu, na mwisho mama yetu, kwa shida, mkono mmoja mmoja. Kochi zima tukakaa juu ya mikono kama watoto wanaosubiri sindano, na hakuna aliyejibu. Wageni wakatutazama. Mdogo wake marehemu anakiri kwamba kukaa kimya vile kulimuuma kuliko kubeba jokofu ghorofa ya nne.

Kitinda Mimba akaweka sinia mezani. Akasema anawashukuru sana, anajua walimhurumia, lakini ataingia na kazi yake, na nundu yake, na maswali atajibu yeye, na asilolijua atasema halijui, na akifeli atakuwa amefeli kwa mkono wake, akirudi atajua pa kuanzia. Kisha akawaomba, wakifika ofisini, wafute ile yao. Mkuu wa idara akamwuliza hiyo nundu inatokana na nini, na Kitinda Mimba akavuta kigoda akamweleza, mpaka chai ikapoa, na mara mbili yule mzee alinyoosha mkono kwenye kompyuta na mara mbili akaurudisha mwenyewe.

Hatujui kama atafaulu. Familia inaomba hilo lieleweke, ili mtu yeyote asije akatuletea habari njema ya kupangwa. Marehemu naye hakujua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote, na kwa namna ya pekee yule wa dripu, kwa uvumilivu wao. Tunawashukuru majirani, mliotuletea chakula, mkatuazima viti, mkalala na sisi. Tunakishukuru chuo, na idara, na mkuu wa idara, ambaye yuko hapa na ametuahidi kwamba ile kazi imefutwa na kwamba Alhamisi atakaa safu ya nyuma, tunamshukuru kwa moyo, na tunajua ni kazi ngumu. Tunawashukuru wanafunzi wa Alhamisi, na kile chumba cha ubavuni mwa jenereta, tunasikia mnataka kukipa jina lake kwenye kibao, sawa, mkipenda, lakini kwanza mlango wake uachwe wazi.

Na wewe, dada, tumekuvika gauni ulilotaka, mikono yako tumeiweka juu ya kifua, na mama alipoiona alisema ni mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuiona yote miwili. Pumzika sasa, na amani iwe nawe. Alhamisi tutakuwepo wote, na hatutagusa.